Waya wa Mwembeni

Baba yangu alikuwa karani wa shamba la mkonge wilayani Muheza, na redio yake ilikaa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cha kufuma ambacho mama alikivua jioni tu. Ilikuwa National ya bendi tatu, ya betri, na nyuma yake palikuwa na waya mwekundu uliopenya dirishani, ukapita chini ya bati la jiko na kwenda kufungwa kwenye tawi la mwembe. Waya ule haukuanikwa nguo. Mtoto aliyeuchezea alijua kitakachompata. Ngurumo zikianza kusikika kutoka milima ya Usambara, mama aliuchomoa kwanza, ndipo akakimbilia kuanua mihogo.

Hiyo ni miaka ya sabini. Waya ukichomolewa, redio ilibaki na vituo viwili vitatu vya kukwaruza. Ukirudishwa, dunia nzima inaingia sebuleni. Cairo walikuwa wanatangaza kwa Kiswahili tangu 1954, BBC tangu 1957, Wajerumani wa Cologne tangu 1963. Radio Tanzania yenyewe tuliipata usiku kwenye kilohezi 5050, safi kabisa, lakini mchana masafa hayo yalikuwa kimya kama hayajawahi kutumika. Baba alisema ni joto linachosha betri. Ni kweli betri zilichoka, na kila nyumba ilizianika juani juu ya bati ili zipate uhai wa siku mbili zaidi, lakini sababu ilikuwa angani. Jua hujenga tabaka la chini la hewa yenye umeme, ambalo wataalamu huliita D, na tabaka hilo hunyonya mawimbi ya masafa ya chini yasifike mbali. Jua likizama, linayeyuka. Mawimbi yanapanda hadi tabaka la juu zaidi, F, yanagonga na kurudi ardhini mamia ya kilomita mbali na yalikotoka.

Kanuni ya baba kuhusu antena ilikuwa moja: waya mrefu, mahali pa juu. Kila alipopata kipande cha waya kazini alikiunga kwenye ule wa zamani, na mwembe ulipokua alimpandisha kaka yangu ausogeze tawi la juu zaidi. Na pale tulipokuwa, kanuni hiyo ilitosha. Kijiji hakikuwa na umeme. Hakuna kitu chochote kilichopiga kelele ya redio isipokuwa radi, na radi zina msimu wake. Kazi yote ilikuwa kutega waya wa kutosha kuinasa sauti ambayo tayari ilikuwa inapita juu ya vichwa vyetu. Leo ninasikiliza redio nikiwa Dar es Salaam, nyumba zimebanana, na kanuni ya baba ukiitumia hapa itakupa mlio wa chaja za mtaa mzima.

Katikati ya vituo vya matangazo kulikuwa na sauti nyingine zilizonisumbua tangu nikiwa shule ya msingi. Zilikaa hasa chini kidogo ya 7100, na zilisikika kama bata wanaogombana. Baba alizipita haraka. Mimi nilipoachwa peke yangu nilirudi palepale nikajaribu kuzinyoosha kwa kuzungusha kitufe, zikakataa.

Aliyenifungulia mlango ni fundi mmoja wa redio mjini Muheza, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi ya mitambo melini. Nilimpelekea redio ya baba yenye swichi iliyolegea. Nilipomaliza shikamoo na kueleza ugonjwa wa redio, nikamuuliza kuhusu bata.

"Hao ni watu, mwanangu," akasema. "Wanazungumza wao kwa wao. Redio yako ndiyo haijui kuwasikia."

Akachukua redio ya pili, iliyokufa spika, akaiweka ubavuni mwa ya kwetu. Ya kwetu akaitega karibu na 7050. Ile nyingine akaiteremsha hadi kama 6595, akawa anaisogeza kwa ncha ya ukucha, nywele kwa nywele. Mara yule bata akawa mwanamume mwenye sauti nzito anayesema Kiitaliano. Fundi alikitambua kwa sababu alishatia nanga Genoa. Sikuelewa neno, lakini nilisikia anavyovuta pumzi kati ya sentensi. Mtangazaji hasikiki hivyo. Huyu alikuwa mtu nyumbani kwake.

Siri ya ujanja ule ni hesabu ya kujumlisha. Kituo cha matangazo hurusha wimbi la kubeba pamoja na pande mbili za sauti zinazofanana. Watu wa redio ya ridhaa, hao wanaozungumza wao kwa wao kwa mapenzi tu, ili kuokoa nguvu na nafasi, hufuta lile wimbi la kubeba na upande mmoja, wakarusha upande uliosalia tu. Redio ya kawaida bila wimbi la kubeba haiwezi kuipanga sauti, ndipo unasikia bata. Sasa, ndani ya redio nyingi kama zile kuna saketi inayotengeneza wimbi lake yenyewe, kilohezi 455 juu ya mahali mshale ulipo. 6595 jumlisha 455 ni 7050. Redio mbovu ya fundi ilikuwa inaikopesha ya baba wimbi lililofutwa.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa vituo visivyotangaza nyimbo. Nilijifunza kwamba 5H ni Tanzania, 5Z ni Kenya, 5X Uganda, 9Q Kongo, A4 Oman, na kwamba kila mrushaji ana alama yake ya wito anayoitaja mwanzo na mwisho. Fundi aliniambia Mfalme Hussein wa Jordan naye ni mmoja wao, alama yake JY1, na kwamba akiwa hewani huzungumza kama mtu mwingine yeyote. Nilidhani ananitania. Ilikuwa kweli tupu. Niliandika barua kwa sanduku la posta la shule, nikieleza nilichokisikia, saa ngapi na kwa nguvu gani, na baadhi ya waliorusha walirudisha kadi zenye alama zao kwa maandishi makubwa. Mwalimu wa zamu alizisoma zote kabla ya kunikabidhi.

Nilipohamia Dar es Salaam kwa kazi, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilipanga chumba Ilala na kutandaza waya mrefu juu ya bati kama tulivyofanya nyumbani. Redio ikalewa. Kituo kimoja kikubwa cha jijini kilijitokeza kila mahali kwenye mshale, juu ya Moscow, juu ya Cairo, juu ya watu wa ridhaa. Shamba la mkonge lilikuwa mbali na mitambo mikubwa ya kurushia. Hapa nilikuwa chini ya pua yake, na redio ndogo ya mkononi haina chujio la kuhimili mzigo wote huo kupitia waya mrefu. Dawa ilikuwa kuipa kidogo. Nilikata waya ukabaki mita chache, sikuufunga kwa chuma bali niliuzungusha na plastiki yake mizunguko minne hivi kwenye antena ya kuvuta ya redio. Sauti zilipungua nguvu, na nilizitaka zipungue: kile kituo kikarudi mahali pake na wadogo wakaonekana. Ukitaka zaidi unaongeza mzunguko mmoja, ukitaka kidogo unapunguza. Mpaka leo hiyo ndiyo njia ninayompa mtu mwenye redio isiyo na tundu la antena.

Miaka ile jua lilikuwa upande wetu. Madoa ya jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa takriban miaka 11, na kilele cha mwaka 1989 hadi 1991 kilikuwa cha neema. Mkanda wa mita 10 wa watu wa ridhaa, ambao miaka mingine hukaa kama uwanja uliohamwa, ulijaa watu mchana kutwa. Waya wa mita mbili na nusu ulitosha kusikia Japani asubuhi na Ulaya jioni. Wasikilizaji wengi waliojifunza wakati huo walijiona mafundi wa antena, kumbe fundi ni jua. Aliyejifunza mwaka 2008 au 2019, chini kabisa ya mzunguko, ndiye aliyejua kitu.

Televisheni zilipoenea bara katika miaka ya tisini na madishi yakaanza kuota juu ya mapaa, tulipata zawadi ambayo wauzaji hawakuikusudia: waya wa dishi. Ule waya mweusi au mweupe wenye nyuzi za kufunika ndani yake una ukinzani wa omu 75, na antena iliyo rahisi kuliko zote, waya uliokatwa katikati na kulishwa pale katikati, ina kama omu 73. Vinaoana bila kifaa chochote. Hesabu ya urefu ni kugawanya 143 kwa megahezi unayoitaka, kwa 14.2 unapata mita 10 na ushee, yaani mita 5 kila upande. Kwa 7.1 ni mita 20. Anayesikiliza tu hana haja ya kuhangaika na sentimita.

Ya kwangu niliitengeneza kwa waya wa umeme wa nyumba, ule wa milimita moja na nusu. Katikati niliweka kipande cha bomba la plastiki la maji, nikakitoboa matundu mawili kila upande ili waya ujisokote na usivutike kwenye kiungo. Ncha zilifungwa kwa kamba ya nailoni, maana waya haufungwi moja kwa moja kwenye mti. Utomvu na majani mabichi vinakula mawimbi. Viungo nilivichomelea kwa risasi, nikavifunga utepe, kisha nikavipaka gundi ya kuzibia mabomba, kwa kuwa hewa ya chumvi ya pwani huigeuza shaba kuwa kijani kabla mvua za masika hazijaisha. Aliyejenga antena Dodoma hajui shida hiyo. Mlingoti mmoja katikati, ncha mbili zikishuka kama paa la nyumba, nafasi ya uwanja mdogo inatosha.

Antena ile ilinifundisha jambo ambalo mwembe ulinificha: juu si lazima. Waya wa mita 7 au 8 kutoka ardhini kwa mkanda wa mita 40, ule wa bata wangu, husikiliza zaidi kuelekea juu, kwa hiyo unaleta Nairobi, Kampala na Lilongwe kwa nguvu, na Ulaya inakuja hafifu. Ukiupandisha hadi mita 20, inakuwa kinyume. Watu wengi huuliza antena ipi ni nzuri kabla ya kujiuliza wanataka kumsikia nani. Na ukiwa juu vya kutosha, mwelekeo nao unaanza kuwa na maana, kwa sababu waya huo husikia vizuri ubavuni kuliko kwenye ncha. Kutoka Dar, Ulaya iko kaskazini na magharibi kidogo, basi waya unatandazwa mashariki na magharibi.

Mwaka 2009 kulikuwa na badiliko ambalo halikupigiwa ngoma, lakini kwetu lilikuwa kubwa. Mwezi Machi vituo vya matangazo viliondolewa kati ya 7100 na 7200, na nafasi hiyo wakapewa watu wa ridhaa wa Afrika na Ulaya, ambao kabla ya hapo walibanwa chini ya 7100. Usiku wa kawaida, watu uliokuwa ukiwasikia chini ya miguu ya vituo vya nguvu ya kilowati mia tano walisimama peke yao. Hakuna antena ambayo ingeleta nafuu hiyo.

Lakini hapo hapo kelele zilikuwa zinaingia, taratibu, kupitia ukuta. Kwanza zilikuja taa za kuokoa umeme. Kisha chaja nyepesi za simu, zile ambazo ndani hazina trafo ya chuma bali saketi inayowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Kila kuwasha na kuzima ni mlio wa redio. Zikafuata ving'amuzi, taa za LED za bei ya chini, vidhibiti vya chaji vya sola, mashine za kugeuza umeme wa betri. Sisemi ni vitu vibaya, ninavitumia vyote. Nasema kila kimoja ni kituo kidogo cha redio kisicho na leseni, na waya ulioutega juu ya bati hautofautishi kati ya chaja ya jirani na mtu wa Reunion.

Nilianza kuona neema katika giza. Miaka ya mgao wa umeme, watu walipolalamika, mimi nilichukua redio ya betri nikatoka barazani. Umeme ukikatika mtaa mzima, ule mvumo unaofanana na mvua unakatika nao, na kwa dakika kadhaa unasikia mkanda kama tulivyousikia Muheza: kimya kirefu, na ndani ya kimya hicho sauti ndogo zinazosomeka herufi kwa herufi. Kisha jenereta ya kwanza inanguruma, na mtu anawasha taa zake za sola, na basi. Mke wangu aliwahi kuwaambia wageni kwamba katika Dar nzima ni mimi tu ninayefurahia kukatika umeme.

Kwa hiyo kazi yangu ya antena iligeuka. Sikutafuta tena waya wa kukusanya zaidi. Nilitafuta wa kusikia kidogo, mradi usikie kinachotakiwa. Hatua ya kwanza haikuwa antena kabisa, ilikuwa kuzunguka nyumba na redio ya mkononi, nikichomoa kitu kimoja kimoja. Mkosaji mkubwa alikuwa kidhibiti cha sola changu mwenyewe. Nilipozungusha waya zake kwenye pete ya feraiti iliyotoka kwenye televisheni kuukuu ya mgongo, nusu ya kelele ikaondoka. Televisheni hizo sasa zimetupwa kila jalala la Dar, na kwenye shingo ya kila moja kuna feraiti nzuri. Waya wa dishi nao unaoshuka kutoka kwenye antena ukizungushwa kwenye pete hiyo mara saba au nane, unazuia kelele ya nyumbani kupanda kwa nje ya waya hadi kwenye antena. Ni kazi ya robo saa.

Hatua ya pili ilikuwa pete. Pete ya waya mnene yenye kipenyo cha mita moja, ncha zake zimeunganishwa na kondensa ya kuzungusha kutoka kwenye redio ya zamani, ile ya pikofaradi 365 yenye mabati yanayopishana. Ndani yake, chini, pete ndogo ya sentimita 20 isiyogusana na kubwa. Hiyo ndiyo inayopeleka sauti redioni. Inashika kuanzia kama megahezi 5 kwenda juu. Nilipoiona mara ya kwanza imechorwa kwenye kitabu niliidharau, maana baba angecheka: antena inayokaa kwenye meza! Ila pete haisikii kwa namna ya waya. Hupokea hasa upande wa sumaku wa wimbi, na ina pande mbili ambazo ni kiziwi. Unaweka redio kwenye mkanda, unazungusha pete kwa mkono polepole kama unayechungulia kisima, na mahali fulani kelele ya nyumba ya jirani inazama. Mtu wa mbali, ambaye wimbi lake linashuka kutoka angani, habanwi na upande huo kiziwi kama jirani anavyobanwa, anabaki. Kondensa nayo ni kali, ukisogea kilohezi chache unairekebisha tena, na wengi hukata tamaa hapo. Mimi nimeizoea. Iko barazani, juu ya kigoda cha mninga, na nguo hazianikwi karibu nayo.

Vijana hunionyesha njia nyingine. Tangu 2008 Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kimeweka redio yake kwenye intaneti, na mtu yeyote anaizungusha akiwa popote. Nimeitumia, ni nzuri mno. Lakini hapo unasikia kile kinachofika Uholanzi, na mimi nataka kujua kinachofika kwangu. Kuna pia FT8, iliyotoka 2017 kwa mkono wa Joe Taylor, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya 1993, na mwenzake Steven Franke. Kompyuta hutuma na kupokea kwa vipindi vya sekunde 15 na kusoma ishara zilizozama chini ya kelele ambazo sikio haliwezi hata kuzihisi. Ni jibu la akili kwa kelele za zama hizi, sibishi. Ila humsikii mtu akivuta pumzi.

Mzunguko wa jua ulifika tena kileleni mwaka 2024, na mkanda wa mita 10 ukajaa kama zamani. Mwembe wa Muheza ulikatwa kupisha nguzo za umeme.

Anayetaka kurusha lazima apate leseni, TCRA kwa Tanzania au Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Anayetaka kusikiliza aanze jioni hii, kabla ya kununua waya mpya. Tafuta redio yenye uwezo wa upande mmoja wa sauti, itie betri, zima swichi kuu ya nyumba, uitege kwenye kilohezi 14100. Pale kuna vituo 18 vya dunia vinavyopokezana, kila kimoja kwa sekunde 10, kila baada ya dakika tatu, na kimojawapo ni 5Z4B cha Nairobi. Kila kituo hutaja alama yake kwa msimbo wa Morse kwa wati 100, kisha hupiga milio minne mirefu: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne sehemu ya kumi ya wati. Hesabu milio unayoisikia. Kisha washa swichi kuu, uhesabu tena. Ikipungua, usinunue waya, tafuta chaja.